Chupa Niliyoificha Chini ya Lengalenga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipika kitambaa cha meza. Nilidhani ninakifua, lakini Sista Intendante alisema nimekipika, na hakukosea. Ilikuwa katika nyumba ya wageni ya masista hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Sista Intendante ndiye aliyesimamia vyumba, jikoni na depo, yaani ghala la vyakula. Alikuwa mtu wa Aru, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya mto. Mgeni mmoja alikuwa amemwaga mawese kwenye kitambaa cheupe. Mimi Kavira, binti wa Butembo, niliyejiona fundi wa kufua tangu utoto, nikachukua maji ya moto na sabuni ya unga, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Doa lililokuwa na ukubwa wa sahani likapata ukubwa wa meza.

“Weye, nani alikufundisha kufua?” Sista aliniuliza.

“Mama yangu, Sista.”

“Mama yako iko muzima?”

“Iko muzima.”

“Basi tutamusamehe. Kuya huku.”

Nilifikiri ananipeleka kwenye kabati la mafagio. Alinipeleka depo, akafungua kufuli, akasimama katikati ya magunia na kusema, “Hapa njo kazi inaanzia. Ufagio inafuata nyuma.” Akachota unga wa muhogo kwa kiganja, akaumwaga juu ya kitambaa kingine chenye mafuta, akaniambia nikae niuangalie. Nilikaa. Unga uligeuka wa manjano taratibu kadiri ulivyokunywa mafuta. Akaukung'uta, akaweka mwingine, na baada ya mara tatu doa lilikuwa limebaki kivuli tu, ambacho sabuni na maji ya uvuguvugu vilikimaliza bila ugomvi.

Ninyi vijana mnaouliza siku hizi tulisafishaje nyumba kabla ya hizo chupa za rangi rangi kutoka Uganda, jibu ni hilo: tulisafisha kwa depo. Majivu ya kuni, yaliyochekechwa kwa kitambaa chakavu, yalikuwa ya masufuria. Majivu ya maganda ya ndizi ni makali zaidi, hayo tulitumia kidogo tu kwa mafuta yaliyoganda, na mikono tuliisuuza haraka. Ndimu iliyokatwa na kuchovywa kwenye chumvi ilikuwa ya mabomba yaliyopata ukoko. Makapi ya kahawa, yaliyoanikwa yakakauka, tuliyaweka ndani ya frigo ambamo makayabo amelala, na harufu ya samaki huyo ilikubali kuhama. Mwezi wa kwanza wote nilirudi nyumbani nikinuka ndimu na kahawa, na marehemu mume wangu aliniuliza kama kweli niliajiriwa kufagia au kupika.

Kilichotushinda ni vioo. Anayeijua Bunia anajua vumbi letu jekundu. Kiangazi linaingia kila mahali, na mvua ya kwanza ikinyesha juu yake, kila dirisha linapata michirizi mpaka chini. Sabuni inaacha ukungu. Ndimu peke yake inaacha alama. Vinegre, yaani siki, ilikuwa dawa nzuri, lakini barabara zikifungwa haikupatikana, na kidogo iliyobaki Sista aliitunzia saladi ya Monsinyori, askofu wao. Kwa hiyo yeye alitumia mandrakwa.

Kwa msomaji wa mbali: mandrakwa ni pombe kali ya kwetu, inachemshwa kwa muhogo na mahindi, ni nyeupe na haina mzaha. Sista alichanganya kikombe kimoja cha mandrakwa, kikombe kimoja cha maji na matone machache ya ndimu, akapangusa kwa kitambaa laini, kisha akamalizia kwa karatasi kuukuu. Kioo kilitoweka. Sharti lake lilikuwa moja, chupa isikaribie mbabula, maana moto wa makaa unaweza kuirukia. Yeye mwenyewe hakuionja kamwe. Shida ilikuwa kwa sentinele, mlinzi wa lango, ambaye ndiye aliyetumwa kuinunua. Chupa ilirudi nusu, na sentinele alirudi akiimba.

“Kavira,” Sista aliniambia Ijumaa moja, “weye uko Muprotestanti?”

“Ndiyo, Sista.”

“Ule wa kweli? Ule hanywake?”

“Ule wa kweli.”

“Muzuri. Kuanzia leo weye njo utakwenda kununua mandrakwa. Chupa itarudia yenye kujaa.”

Ndivyo nilivyoanza. Nilichaguliwa kwenda kwa wauza pombe kwa sababu ya utakatifu wangu. Nilijivuna mpaka nilipofika kwenye kona ya kwanza na kumwona mama wa kwaya yetu anakuja mbele yangu. Hapo nikaitumbukiza chupa ndani ya kikapu na kuifunika kwa lengalenga, mboga niliyokuwa nimenunua. Tangu siku hiyo kila Ijumaa nilinunua lengalenga. Watoto wangu walikua wakidhani Ijumaa ni sikukuu ya mboga hiyo, na mpaka leo hawataki kuiona.

Sista alipohamishwa kwenda Irumu, nilipata kazi katika biro, yaani ofisi, ya shirika moja lenye magari meupe. Bosi wangu hapo alikuwa Shefu Lojistiki, mkuu wa magari na vifaa, mtu mwenye kizibao cha mifuko kumi na miwili na kalamu katika kila mfuko. Alipoona ndoo zangu, majivu yangu na ndimu zangu, alishtuka. Akasema katika shirika kila bidhaa lazima iwe na fishi, karatasi ya kueleza jina, matumizi na hatari. Nilimwambia hivi ni vitu vya jikoni. Akasema hata vya jikoni. Basi nikaandika. Ndimu, hatari: macho. Majivu ya ndizi, hatari: mikono. Chumvi, hatari: hakuna. Kwenye chupa ya mandrakwa niliandika: Maji ya vioo, hatari: sentinele.

Shefu alisaini zote bila kusoma. Wiki iliyofuata alitoka ofisini mwake kwa haraka, simu sikioni, akaugonga mlango wa kioo kwa pua. Mlango niliupangusa asubuhi hiyo. Alisimama akishika pua, machozi yanamtoka.

“Mama Kavira! Hii mulango iko na kioo ao haina?”

“Iko nayo, Shefu.”

“Sasa juu ya nini haionekane?”

“Shefu, njo kazi ulinipatia.”

Aliamuru ubandikwe utepe mwekundu kwenye mlango kwenye kimo cha pua yake. Katika kazi zangu zote sijapata kusifiwa kuliko hivyo.

Wakati huo niliinunua chupa kwa Mama Lotsove. Alikuwa amekimbia kijiji chao huko Djugu na watoto wanne na pipa moja la kuchemshia, akapanga chumba kwenye mtaa wetu, hatua chache kutoka kanisani. Pipa lile ndilo lililolisha watoto. Mandrakwa yake ilikuwa safi, na ile ya kwanza kutoka, kabla haijapunguzwa makali, ilifanya kioo kilie. Alikuwa mama wa maneno machache. Siku moja alinipimia chupa, akaniangalia ninavyopanga lengalenga juu yake jani kwa jani, akasema, “Mama, Ijumaa unanijua. Siku ya Yenga unapita hapa na kitambaa ya kwaya, haunisalimiake.” Yenga ni Jumapili. Nikamjibu kwamba Jumapili huwa nimechelewa. Sikuwa nimechelewa. Niliona haya kusalimiana na muuza pombe mbele ya watu, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Maana kanisani nilikuwa mtu. Nilikuwa mama shemasi. Kiti changu kilikuwa mbele, upande wa kulia, nami ndiye niliyetandika Meza ya Bwana na kukunja kitambaa chake. Tangu mume wangu afariki, kanisa lilikuwa nyumba yangu ya pili, na kiti kile kilikuwa mahali pangu duniani. Kila Jumamosi nilisafisha madirisha ya kanisa bila malipo, na watu walisema hakuna kanisa Bunia lenye mwanga kama letu. Kanisa letu linakataza pombe. Mtu akikamatwa nayo anawekwa chini ya nidhamu: anaondolewa kwenye huduma, hagusi Meza, anakaa benchi ya nyuma mpaka Baraza la Wazee limsamehe. Niliyajua hayo yote, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaonyesha wengine njia ya kwenda kwenye ile benchi.

Ijumaa ya balaa ilikuwa ya mvua. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, kikapu mapajani. Mbele kabisa ya kanisa gurudumu liliteleza kwenye tope. Mimi nilianguka huku, lengalenga ikaanguka kule, na chupa ikabingirika polepole mpaka ikagusa kiatu cha Muzee Prezida, mwenyekiti wa Baraza la Wazee, aliyekuwa amejikinga mvua mlangoni. Haikuvunjika. Siku nyingine ningemshukuru Mungu.

Aliiokota. “Mama Kavira, hii ni nini?”

“Ni ya madirisha, Muzee.”

“Madirisha inakunywaka?”

Kesho yake asubuhi niliitwa mbele ya Baraza, humo humo kanisani. Wazee watano, Mchungaji, Katibu na daftari lake, na katikati ya meza, chupa. Mchungaji aliomba. Wote walifumba macho, ila mimi niliacha jicho moja wazi nikilinda mali yangu.

“Mama,” Prezida akaanza, “ulianza kunywa siku gani?”

“Muzee, miye sikunywaka ata siku moja. Ni ya kupangusa vioo ya biro.”

Katibu aliandika. Niliona nyuso zinalegea kidogo. Biro ni ya dunia, na vioo vya dunia vinaweza kupanguswa kwa vitu vya dunia. Kama maswali yangeishia hapo ningerudi kwenye kiti changu. Lakini Mchungaji wetu ni mtu wa haki, na mtu wa haki anauliza mpaka mwisho.

“Na vioo ya hapa, mama?”

Nikisema sabuni, nimedanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Nikisema kweli, kiti kimekwenda. Moyo ulinidunda mpaka nikadhani Katibu ataandika na huo.

“Ya hapa pia, Mchungaji.”

“Tangu siku gani?”

“Tangu munaniwekaka mushemasi.”

Wote waligeuka kuangalia madirisha. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, na ungeweza kuhesabu majani ya mparachichi ulioko nje. Mzee aliyekuwa karibu na dirisha alisogeza kiti chake, kama vile litampumulia.

Prezida alisema ushahidi lazima uthibitishwe. Akafungua chupa, akainusa, akafumba macho. Akainusa tena. “Ah,” alisema kwa upole. “Hii njo ile ya kwanza. Haiyatiwa maji.”

Wazee wenzake wakamgeukia.

“Muzee,” Mchungaji akauliza, “umejua namna gani?”

“Nilisikiaka batu banasema.”

Katibu aliinua kalamu, akamtazama Prezida, akaiweka chini. Sentensi ile haimo katika daftari la Baraza, ndiyo maana naiweka hapa.

Walinipa miezi mitatu. Si kwa kunywa, walisema, bali kwa kuficha, na kwa kuingiza chupa mahali patakatifu. Nililia njia nzima. Siku ya Jumapili nilipopita kiti changu na kuendelea kwenda nyuma, mama mmoja niliyezoea kushiriki naye kitabu cha nyimbo akaniuliza kwa huruma maini yangu yanaendeleaje. Benchi ya nyuma iko karibu na mlango, upepo unaingia, na hakuna anayekuangalia machoni. Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Lotsove na zile Jumapili zangu za kuchelewa.

Madirisha yakapewa vijana, nao wakayaosha kwa sabuni. Jumapili ya kwanza yalikuwa na ukungu. Ya pili vumbi likashikana na ukungu. Ya tatu mvua ikachora juu ya vyote viwili. Kufika ya sita kanisa lilikuwa na giza kama jikoni kwa mama yangu. Siku hiyo Mchungaji alifika kwenye sehemu ya kukaribisha wageni. Akanyoosha mkono upande wa kwaya, akasema kwa furaha, “Ninaona kule mama mugeni, amevaa kitenge muzuri. Mama, simama tukusalimie.” Hakuna aliyesimama. “Usiogope, mama. Hapa uko kwenu.” Alibembeleza mara ya tatu, ndipo kijana wa kwaya akaenda na kuinua kitenge, na chini yake kulikuwa na ngoma yetu kubwa.

Jumatatu jioni Prezida na Katibu walikuwa kwenye ua wangu. Niliwapa viti na chai. Walizungumzia mvua, bei ya muhogo na afya ya wajukuu. Mwishowe Prezida akakohoa.

“Mama, Baraza inakuomba urudilie madirisha.”

“Na sabuni, Muzee?”

“Na... vile ulikuwaka unafanya.”

“Siwezi. Miye sitaficha tena chupa chini ya mboga. Kama kanisa inataka, kanisa iandike.”

“Iandike nini?”

“Atestasio. Na muhuri.”

Mnajua kwetu. Jambo lisilo na karatasi na muhuri halijatokea. Walikaa Baraza mara mbili, wakagombana juu ya maneno, na mwishowe Katibu akaniletea atestasio, hati ya kuthibitisha, yenye muhuri mkubwa wa zambarau. Ninayo mpaka leo. Inasema: “Sisi, Baraza la Wazee, tunathibitisha kwamba Mama Kavira anaruhusiwa kununua chupa moja ya mandrakwa kila juma, kwa Mama Lotsove, kwa ajili ya madirisha ya kanisa. Chupa hii hainywewi. Mama huyu anajua kazi yake.” Nidhamu yangu nayo wakaifuta.

Habari zikaenea. Katika mwezi ule niligundua jinsi washirika wetu wengi walivyokuwa na madirisha ya vioo. Kila siku mtu alikuja kwa Katibu kuomba atestasio ya nyumbani kwake. Wawili walikuwa wanaishi chini ya sheeting, yaani turubai la plastiki, na mmoja hakuwa hata na ukuta upande wa mbele. Baraza lilikataa zote, na Prezida ndiye aliyepiga kelele kuliko wote katika kukataa.

Ijumaa ile nilikwenda kwa Mama Lotsove mchana kweupe, chupa mkononi, kikapu nimekiacha nyumbani. Nilimsomea karatasi. Hajui kusoma, akaniomba nirudie pale penye jina lake. Nikarudia. Akaniomba tena. Kisha akauliza, “Ni kanisa njo imeandika jina yangu?” Nikamwambia ndiyo, na muhuri juu. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaishika karatasi, akaiangalia muda mrefu kichwa chini miguu juu, nami sikuigeuza. Ndipo nikamwomba msamaha kwa Jumapili zote nilizompita. Alinipimia chupa, akaijaza mpaka mdomoni.

Nilistaafu miaka michache baadaye. Shirika lilinipa cheti chenye picha ya gari na maneno ya Kifaransa: agent d'entretien, yaani mfanyakazi wa usafi. Nimekiweka sandukuni. Nyumbani kwangu bado nasafisha kwa depo, na wajukuu wakileta chupa za buluu ninazitumia kupandia vitunguu. Kwenu mnaoanza kazi hii, ushauri wangu ni mfupi: kwanza uliza doa limetoka wapi, wacha unga unywe bila kuuharakisha, na vioo visafishe wakati jua halijavipiga. Na yule anayekuuzia ndimu au majivu au kitu kingine chochote, msalimie hata Jumapili.

Baraza lilinirudishia kiti changu cha mbele. Nilikaa pale Jumapili moja tu. Jumapili iliyofuata Mama Lotsove aliingia kanisani kwa mara ya kwanza, na watoto wanne waliooga mpaka masikio yanang'aa, akaketi kwenye benchi ya nyuma kwa sababu hakujua kwingine. Mchungaji alipowaomba wageni wasimame, alisimama, na kila mtu alimwona vizuri. Niliinuka mbele, nikapita katikati ya kanisa lote, nikaenda kukaa naye. Niko hapo mpaka leo. Kutoka nyuma unaona madirisha yote kwa pamoja, na katikati ya mahubiri ananigusa kwa kiwiko.

“Ile ya tatu,” ananinong'oneza. “Haukuipangusa muzuri.”